Moshi Hauna Haraka: Juu ya barbekyu yetu na nyama ya moshi ya kweli

Tangu miaka kadhaa kuna neno limeingia mu miji yetu na halitaki kutoka: barbekyu. Tunalisoma juu ya karatasi za mwaliko, tunalisikia mu matangazo ya vijana wa parokia, ya wanafunzi waliomaliza masomo, ya vyama vya familia. "Siku ya posho kuko barbekyu kwa fulani, kila mutu na muchango yake." Watu wanavaa vizuri, wanafika, muziki unalia, na mwisho wanaletewa paja la kuku: inje nyeusi sawa makala, ndani damu ingali karibu na mfupa. Wanakula juu ya heshima, wanaongeza pilipili, kisha wanarudi kwao wakisema wamekula barbekyu.

Maandishi haya hayataki kuchekelea wale wanaotualika. Mtu anayelisha jirani mu wakati huu wa shida anastahili shukrani. Lakini kitabu hiki ni cha mila, na mila zinapimwa. Basi nasema wazi: kile tunachoita barbekyu si barbekyu, na ile ya kweli, ya moshi wa polepole, si ngeni kwetu kama tunavyofikiri. Ndugu yake tunaye nyumbani, ni uchaga wa samaki. Tunanunua jina la kigeni kwa bei kali, huku ufundi wa mama zetu tunauacha ufe ku soko.

1. Moto tatu, majina tatu

Kwanza tutenganishe mambo. Kuna kuchoma: makala mekundu, nyama karibu na moto, dakika chache, watu wanasimama wanangoja. Njo michopo yetu ya Lubumbashi. Mbuzi anakatwa vipande vidogo, anapita juu ya vyuma, anafungwa ndani ya karatasi na kitunguu na pilipili. Sina ugomvi na michopo. Ni ufundi kamili, unajua unachotaka: mafuta yanayolia, chumvi, meno yanayofanya kazi. Muchomaji mzuri anajua kipande gani kinaenda katikati na gani pembeni. Yeye hajidai kuwa kitu kingine.

Pili kuna kubanika. Hili ni neno la Kiswahili cha zamani, liko mu kamusi, lakini vijana wetu hawalijui tena. Ni kuweka samaki ao nyama juu ya vijiti pembeni ya moto, ili joto liipate polepole. Tatu kuna kukausha na moshi: uchaga juu, moto mdogo chini, siku moja, mbili, hata tatu, mupaka maji yatoke na samaki aweze kusafiri bila kuoza.

Barbekyu ya kweli inakaa kati ya hii ya pili na ya tatu. Si kukausha, maana nyama inabaki na maji yake na inalika siku ileile. Wala si kuchoma, maana moto haugusi nyama. Joto linakuwa kati ya digri 105 na 120, na kazi inachukua saa nyingi: bega la mbuzi saa tano ao sita, kifua cha ng'ombe saa kumi na zaidi. Yule anayewasha moto saa kumi ya mangaribi na kuita watu saa kumi na mbili, huyo anachoma. Achome vizuri basi, na aite jambo lake kwa jina lake.

2. Neno lilitoka wapi

Waspania waliokuwa mu visiwa vya Karibi waliandika, mu miaka ya 1500, neno barbacoa la wenyeji Wataino. Lilikuwa jina la kitanda cha vijiti kilichoinuliwa juu ya inchi. Juu yake watu waliweka vitu, na walipika samaki na nyama. Soma tena, ndugu msomaji: kitanda cha vijiti juu ya moto. Mwana wa Bukama ao wa Kasenga angekiona angesema mara moja, "Lakini hii si uchaga?"

Neno likapita Marekani ya kusini, na pale kazi yenyewe ikashikwa na mikono ya Waafrika watumwa. Wao njo walichimba mashimo, walikesha usiku na moto, waligeuza nyama ya karamu za mabwana. Wengi wa wale walioletwa South Carolina mu miaka ya 1730 walitoka pande za Kongo na Angola. Lakini tusikimbilie kuchukua sifa isiyo yetu. Mutu akituambia barbekyu ilizaliwa Kongo, tumwombe ushahidi. Barbekyu ni mtoto wa wazazi wengi: wenyeji wa Amerika walitoa uchaga, Wazungu walileta nguruwe na ng'ombe, Waafrika walitoa mikono, usiku bila usingizi, na akili ya moto. Mwandishi Adrian Miller, katika kitabu Black Smoke cha mwaka 2021, anaonyesha namna historia iliwasahau wapishi hao weusi wakati barbekyu ilianza kuleta sifa na feza.

Mfano mmoja unatosha. Mu mji wa Kansas City, kutoka karibu mwaka 1908, mtu mweusi jina lake Henry Perry, mzaliwa wa 1874 upande wa Tennessee, alikuwa anauza nyama ya moshi. Alipika juu ya kuni ngumu, akauza kwa senti 25, na akafunga nyama ndani ya karatasi ya gazeti. Leo wanamuita baba wa barbekyu ya mji ule. Nyama ndani ya gazeti! Hapa kwetu, kitu kilekile mukononi mwa muuza michopo tunakiita ukosefu wa maendeleo.

3. Uchaga wa kwetu

Tuje nyumbani. Karibu na ziwa Kisale, pale Sanga, wachimbaji walifungua makaburi ya zamani mu 1957 na 1958, na Pierre de Maret akaendelea mu 1974. Waliona vyungu vizuri sana, vyuma, mapambo ya shaba, na pia mbabula ndogo za udongo, za kubebeka, zenye pembe tatu za kushikilia chungu. Watu wale waliishi pale karibu miaka 800 mupaka 1300. Mbabula ya namna ile inafaa mvuvi anayekaa mu mtumbwi kati ya majani ya maji. Kuhusu uchaga wenyewe hatuna kipande, maana mti unaoza. Lakini shaba haitoki Kisale, inatoka mbali upande wa kusini. Kitu fulani kilipaswa kwenda kuilipa, na wenye elimu wanawaza samaki wa kukauka. Wazo hili lina nguvu: hata leo utajiri wa bonde lile ni samaki.

Reli ilipofika Bukama mu 1918, samaki wale walipata njia ya kupanda mupaka Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Upande mwingine, Kasenga, ku mto Luapula, kilometa kama 200 kutoka mjini, samaki wa Moero na Luapula walishuka na barabara. Kwa hiyo mji wetu, unaojidai mji wa shaba, ulikula pia kutoka mikono ya wavuvi na wanawake wa uchaga. Yule mama anayekaa chini ku soko na kitunga cha kambale waliojipinda, mkia mu kinywa, si muuzaji tu. Ni mwalimu bila shule.

Mumuangalie akifanya kazi. Anapasua samaki na kutoa matumbo, anamwosha, anamwacha maji yachuruzike. Haweki samaki wa maji juu ya moto, anajua moshi haushiki juu ya maji. Uchaga wake unafika karibu kifua cha mtu. Moto wa kwanza unakuwa na nguvu kidogo ili ngozi ishikane. Kisha anatoa kuni, anaacha zile mnene, na moto unabaki unapumua tu. Anageuza na vidole, si na chuma. Usiku anaamka. Ukimwuliza anajuaje ni wakati, atakujibu: "Unasikilizaka. Ikinyamaza, njo imeshakuwa." Maana yake mafuta na maji yameacha kulia.

Sasa linganisha na ile barbekyu ya mwaliko. Nani anajua zaidi?

4. Moshi unafanya nini

Tusiache maneno haya mu mapenzi ya mila tu, yana maelezo. Kuni zina kitu kinaitwa lignini, kile kinachofanya mti kuwa mgumu. Ikiungua polepole inatoa vitu vyenye harufu tamu na vyenye kuzuia vijidudu na uchacho wa mafuta. Njo maana nyama ya moshi inanukia na inakawia kuharibika. Lakini ukinyima moto hewa na kutia kuni mbichi, unapata moshi mweupe mzito, wenye uchungu. Moshi mzuri ni mwembamba, unakaribia rangi ya buluu, karibu hauonekani. Watu wengi wanafikiri moshi mwingi ni ladha nyingi. Ni kinyume chake.

Halafu nyama yenyewe. Bega na shingo la mbuzi vina mishipa migumu. Moto mkali unaikaza zaidi. Lakini ikikaa muda mrefu ndani ya joto la digri 70 na zaidi, ile mishipa inageuka kuwa kama mchuzi mzito ndani ya nyama, na nyama inaachana na mfupa bila kisu. Katikati ya kazi, hasa na kipande kikubwa, kuna saa moja, mbili ao zaidi ambapo joto la ndani linakataa kupanda. Nyama inatoa jasho, na jasho linaipoza, sawa na sisi wenyewe. Pale njo mpishi bila uvumilivu anaongeza kuni na anaharibu kila kitu.

Kuni pia zichaguliwe. Mwembe na mpera zinafaa, nazo ziko mu parseli zetu. Miti migumu ya pori, sawa muputu, inafaa ikiwa imekauka. Msindano na mkaratusi hapana, mafuta yake yanaleta uchungu. Na mbao zenye rangi, plastiki ao vipande vya pneu vya kuwashia, hizo ni sumu. Asiyekuwa na kuni nzuri apike mu chungu.

5. Kualika majirani

Hapa tunafika moyo wa jambo, maana nyama ya moshi haipikwi kwa mtu mmoja. Saa sita za moto juu ya sahani moja ni upumbavu. Barbekyu ya kweli inahitaji majirani kama vile ndoa inahitaji mashahidi. Lakini majirani wetu wana ulimi wao na mashaka yao, na yule anayewaalika mara ya kwanza ajitayarishe. Nimealika mara nyingi, kwa kutumia pipa la chuma la litri 200 lililokatwa na kusafishwa, na nimesikia karibu maneno yote.

La kwanza ni kutoka ng'ambo ya ukuta, saa moja ya asubui: "Baba, kwenu kunaungua?" Mujibu kwa heshima, na mutume mtoto aambie mama wa parseli ya pili aanue nguo zake mbele harufu haijaingia. Mwaliko unaanza na hii, si na sahani.

La pili linakuja saa sita: "Bado tu?" Kwetu mgeni hangoji na tumbo tupu. Basi kuwe karanga, mihogo, munkoyo baridi. Na mumweke karibu na pipa, mumwache achungulie. Mgeni aliyeona kazi anakula namna nyingine kuliko yule aliyeletewa sahani.

La tatu njo kubwa. Unakata nyama, na chini ya ngozi kunaonekana rangi ya pinki. Wote wananyamaza, kisha mama mmoja anasema: "Eh! Hii haiyaiva." Usikasirike na usianze kufundisha sawa profesa. Ana haki ya kuogopa. Ametunza watoto wake kwa kupika nyama mupaka mwisho. Mwambie kwa kifupi kama ile rangi inaletwa na moshi kushikana na wekundu wa nyama yenyewe, inabaki pembeni tu, na katikati ni kahawia. Kisha vuta mfupa mbele yake. Ukitoka mweupe na mkavu, bila nyama juu yake, maneno yameisha. Lakini kwa kuku usimtegemee macho: karibu na mfupa joto lifike digri 74, na kipimajoto kidogo ni bora kuliko kiburi.

La nne ni ya wazee: "Inalainika sana, ni ya wasio na meno." Kwa sisi nyama ni kutafuna, na mtu hapewi mbuzi ili aimeze sawa uji. Hii ni lawama ya kweli, na sina haja ya kuishinda. Wacha ladha mbili ziishi pamoja. Mimi ninawatolea wazee mbavu mbele kidogo ya wakati, zikiwa bado zinashika mfupa, na wanafurahi.

Kuna pia mambo ya imani. Vitabu vya Marekani vinasifu nguruwe. Lakini ku avenyu yetu jirani mmoja ni Muislamu, mwingine Mwadventista, mwingine Mkimbangu, na wote watatu hawakuli nguruwe. Chukua mbuzi ao kuku, achinjwe na yule Muislamu, na wote watakaa meza moja. Anayealika kwa nguruwe mu avenyu kama ile amealika nusu ya watu tu. Mila ya kigeni inaingia nyumbani ikivua viatu.

Na usiache bukari. Nyama ya moshi pamoja na mkate na mchuzi wa sukari wa chupa ni chakula cha picha. Pamoja na bukari, sombe na pilipili mbichi ni chakula cha kwetu. Mara nyingi pale njo mtu mzima atatafuna polepole, ataangalia juu, na atasema: "Lakini hii harufu ninaijua. Ni ya samaki ya mama." Hapo kazi imetimia. Hakuonja Marekani, ameonja uchaga aliousahau.

6. Lawama pande mbili

Lawama ya kwanza nimeitoa: wale wanaodharau samaki wa moshi kuwa chakula cha mugini ao cha mwisho wa mwezi, kisha wanalipa franka nyingi juu ya kuku mbichi mwenye jina la kigeni. Mtoto anayesikia baba yake akisema vile hataomba nyanya yake amfundishe kitu. Na nyanya akienda, uchaga unaenda naye. Hakuna shule ya kuurudisha.

Lawama ya pili ni kwetu wapenzi wa mila, tunaosifu bila kupima. Moshi una madeni yake. Mafuta yakidondoka juu ya makala, yanarudi na sumu inayoitwa benzopirini, na wataalamu wa afya wa dunia wameihesabu kati ya vitu vinavyoleta kansa. Ulaya, tangu 2014, nyama ya moshi haitakiwi kupita mikrogramu 2 za sumu ile mu kilo moja. Mu 2015 walisema pia kuwa nyama zilizotengenezwa kwa chumvi na moshi, zikiliwa mara kwa mara, zinaongeza kansa ya utumbo. Basi nyama ya moshi iwe ya sikukuu, moto uwe pembeni si chini ya nyama, na ile ngozi iliyoungua itupwe. Samaki mweusi kabisa si samaki wa moshi, ni samaki aliyeungua. Na pengine weusi ule unaficha aliyeoza mbele ya kupikwa. Mnunuzi avunje mgongo wake na anuse.

Tena kuna yule mama mwenyewe, macho mekundu, kifua kinakohoa. Tunasifu mikono yake, lakini hatumtafutii tanuru bora. Zipo: ile ya kijiji cha wavuvi Chorkor, kando ya Accra, ina vyumba vya udongo na sinia za kupangana, inakula kuni chache, na ile ya Thiaroye, Senegal, iliyotengenezwa pamoja na FAO, inatenga moto na moshi na inakinga mafuta yasianguke mu moto. Ni udongo, matofali, wavu wa chuma. Fundi wetu yeyote anaweza. Na kuni chache si jambo dogo, wakati miombo inayozunguka Lubumbashi inazidi kwenda mbali kila mwaka, gunia kwa gunia la makala.

Mwisho

Hukumu yangu ni hii. Barbekyu ya mwaliko, kama inavyofanyika leo, ni karamu nzuri yenye nyama mbaya. Watu wake ni wa kweli, jina lake ni la kuazima, moto wake ni wa haraka. Tusiue karamu, tutengeneze moto. Anayetaka kuchoma, achome michopo na ajivune nayo. Anayetaka moshi, aamke asubui, achague mwembe uliokauka, na aite majirani mapema ili waone.

Lakini mbele ya kununua pipa ao kusoma kitabu cha Marekani, aende ku soko, anunue kambale mmoja wa moshi bila kubishana bei, na amuulize yule mama: "Mama, munakaushaka namna gani?" Aandike jibu lake lote.